Maswali ya wasomaji: dunia ya Minecraft imegoma kufunguka

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mdogo wangu ana dunia yake ya Minecraft, ile ya kompyuta toleo la Java, ameijenga muda mrefu ila alipoianzisha hakuruhusu komandi. Nikaambiwa hiyo setingi iko kwenye faili la level.dat, nikalifungua na Notepad nikakuta makorokoro matupu, nikafuta herufi chache nikasevu, sasa dunia haifunguki na dogo haongei na mimi. Inarudi kweli? Na nasikia kwa Python inawezekana, ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Inarudi, ondoa presha. Funga gemu kabisa, kopi folda zima la hiyo dunia uliweke pembeni, halafu angalia humo ndani, utakuta level.dat_old. Hiyo ni nakala ambayo gemu lenyewe huiacha kila likisevu. Futa level.dat uliyoiharibu, chukua kopi ya hiyo old uipe jina la level.dat, dunia itafunguka.

Sasa kwa nini Notepad iliua faili? Kwa sababu lile siyo faili la maandishi. Limebanwa kwa gzip, yaani njia ya kupunguza ukubwa wa faili, na mwishoni lina namba ya kuhakiki, ukigusa baiti moja tu hesabu inakataa. Kibaya zaidi Notepad ikikutana na baiti isiyoielewa inaweza kuibadilisha wakati wa kusevu, kwa hiyo hata ungefungua na kusevu bila kufuta kitu bado ungeweza kuliharibu.

Ukishalifungua hilo gzip ndani kuna NBT, yaani Named Binary Tag, mpangilio wa data wa Minecraft wenyewe, na mimi naupenda sana kwa jinsi ulivyo mwepesi. Kila kitu kinaanza na baiti moja ya aina, kuanzia 0 hadi 12, halafu urefu wa jina, halafu jina, halafu thamani. Mfano GameType, yaani aina ya mchezo, inakaa hivi (kila jozi ni baiti moja, imeandikwa kwa heksadesimali):

03 00 08 47 61 6D 65 54 79 70 65 00 00 00 01

03 ni Int, yaani namba nzima ya baiti 4, 00 08 ni kwamba jina lina baiti 8, zinazofuata ndo jina lenyewe, na baiti 4 za mwisho ni thamani, hapa 1, yaani kriyetivu. Hakuna koma wala nafasi ya kutenganisha, programu inayosoma inajua isimame wapi kwa kuangalia aina na urefu ulioandikwa tu, ndo maana ukifuta herufi moja vyote vinavyofuata vinahama.

Kwa hiyo tumia laibrari, yaani kodi iliyokwisha kuandikwa na wengine. Ya Python naikubali nbtlib, toleo la 2, kazi yako ni mistari minne:

from nbtlib import load, Byte
f = load('level.dat')
f['Data']['allowCommands'] = Byte(1)
f.save()

Gzip inaitambua yenyewe. Ila usiandike 1 tupu, andika Byte(1), maana Python ina namba nzima ya aina moja tu wakati NBT ina Byte, Short, Int na Long, na laibrari haiwezi kukukisia. Hapa ndo wanaogeuza NBT kuwa JSON (mpangilio wa data wa maandishi) ili waihariri kisha wairudishe huwa wanaumia, aina zinapotea njiani.

SWALI: Mimi natumia Minecraft ya simu, Bedrock. Nimehamisha level.dat kwenye kompyuta nisome jina la dunia na namba ya mbegu, nikaload na nbtlib, haileti era yoyote lakini nikiprint naona mabano matupu. Faili limekufa?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Faili ni zima kabisa, na tafadhali usibonyeze save hapo, utaandika huo utupu juu ya faili lako! Bedrock haibani level.dat kwa gzip, na mwanzoni inaweka baiti 8 ambazo siyo NBT: 4 za namba ya toleo la mpangilio, 4 za urefu wa data. Toleo likiwa 10, faili linaanza na 0A 00 00 00, na laibrari ikisoma hivyo kama ilivyozoea kwa Java inaelewa hivi: 0A ni Compound, yaani kapu la kubeba tagi nyingine, 00 00 haina jina, 00 imeisha. Inaridhika inakurudishia kapu tupu, ndo maana hujaona era.

Halafu Bedrock inapanga baiti kinyume na Java, ndogo inatangulia. Urefu 8 unaandikwa 08 00, ukiusoma kwa mtindo wa Java unapata 2048. Kwa hiyo fungua faili kwa 'rb' (kusoma baiti kama zilivyo), soma baiti 8 za kwanza uzitunze, kinachobaki kipe nbtlib.File.parse na byteorder='little'. Hakuna kapu la Data hapa kama kwenye Java, LevelName na RandomSeed ziko juu kabisa. Na siku ukitaka kuandika, rudisha zile 4 za toleo kama zilivyokuwa, ila zile 4 za urefu zipige upya kulingana na data mpya.