Maswali yenu: nusu milioni ya Waingereza na fishi zetu za Lubumbashi

Karibu barua zote za mwezi huu zinahusu UK Biobank, ile kohorti (kundi la watu wanaofuatiliwa kwa miaka) ya watu zaidi ya 500,000 wa Uingereza walioandikishwa kati ya 2006 na 2010 wakiwa na miaka 40 hadi 69. Walipimwa, wakatoa damu na mkojo, na mpaka leo wanafuatiliwa kupitia rejista za lopitali na za vifo. Barua saba zilizoomba "link" nimezifanya swali moja.

Yaya, niko mwaka wa mwisho wa udaktari na memwari (tasnifu) inanikaba. Nitumie link ya kushusha data ya UK Biobank. (Mwanafunzi, Kampemba, na wenzake sita)

Hakuna link. Ukiletewa moja kwenye WhatsApp, ujue ni mali ya wizi.

Anayefungua dosie ni promota wako (mwalimu anayekusimamia), si wewe. Anajiandikisha kwa anwani ya barua-pepe ya chuo, anaweka wasifu wake na machapisho yake, anaeleza swali la utafiti na aina ya data anayohitaji. Maombi yakikubaliwa, chuo kinatia saini mkataba na ada inalipwa, ndipo unapoingizwa kwenye orodha ya mradi. Hesabu miezi. Memwari ya kutetewa Julai haifunguliwi dosie Aprili.

Mkataba huo usomwe. Unakataza kumpa data mtu asiye kwenye orodha, unakataza kujaribu kumtambua mshiriki, na unadai matokeo yarudishwe kwao. Kila mradi hupewa namba zake za washiriki: mama mmoja wa Leeds ana namba hii kwako na nyingine kwa jirani, kwa hiyo flashi ya rafiki haiungani hata na faili lako. Mshiriki pia anaweza kujitoa siku yoyote. Orodha ya waliojitoa ikifika, wafute kwanza kabla ya kuhesabu tena. Nimeona watu wanaifungua barua hiyo, wanaifunga, na kuendelea kama hawakuiona.

Umeme unakatika kila jioni, na mega ni ghali. Nitafanyaje kazi kwenye data kubwa hivyo? (Asistanti, Ruashi)

Hapa una bahati. Siku hizi uchambuzi unafanyika ndani ya jukwaa lao, kwenye kompyuta za kukodi zilizoko mbali, na delestaji ya Ruashi haizifikii. Kwako kunapita picha ya skrini na amri unazoandika.

Lakini kuna mitego miwili. Faili unalotengeneza ndani ya daftari la Jupyter (ukurasa wa kuandikia amri za uchambuzi) linakaa kwenye kompyuta ya kukodi, na kompyuta hiyo ikizimwa, faili limekwenda. Lihamishie kwenye hifadhi ya mradi kila unapomaliza hatua. Mtego wa pili ni saa: unalipia kila saa ambayo kompyuta imewashwa, hata kama wewe uko kanisani. Anayeisahau Ijumaa jioni ataikuta bili Jumatatu. Kazi ndefu itume kama kazi ya nyuma inayojizima yenyewe ikiisha, na kabla ya hapo ijaribu kwa watu elfu moja na safu tano. Na ulizia punguzo la ada la wanafunzi na la watafiti wa nchi za kipato cha chini kabla ya kulipa chochote, si baada.

Nimepata wastani wa vikombe vya chai kwa siku ulio chini ya sifuri. Programu imeharibika? (Munganga, Kamalondo)

Programu ni nzima. Hukusoma maelezo ya safu, na wewe si wa kwanza wala wa kumi.

Kwenye swali la chai, namba chanya ni vikombe. Alama -10 maana yake "chini ya kikombe kimoja", -1 ni "sijui", na -3 ni "sipendi kujibu". Chukua watu wanne: 4, 2, -3, -10. Ukiwajumlisha kama walivyo unapata wastani wa -1.75. Ukifanya inavyotakiwa, -10 inakuwa nusu kikombe, -3 inaachwa wazi, na wastani wa watu watatu waliobaki ni 2.17. Wewe umeokolewa na upuuzi wa jibu lako. Wanaoumia ni wale ambao alama hasi ni chache: wastani wao unashuka kidogo tu, haumshangazi mtu, na unachapishwa.

Tarehe nazo zina alama. Katika safu za tarehe ya kwanza ya ugonjwa, 1902-02-02 si siku, ni ishara kwamba tarehe iliyoandikwa inalingana na siku ya kuzaliwa. 2037-07-07 ni ishara ya tarehe iliyoandikwa mbele ya wakati. Ukizipeleka moja kwa moja kwenye hesabu ya muda wa kuishi, utakuwa na wagonjwa waliougua kabla ya vita vya kwanza vya dunia.

Angalia pia namba ya ziara: 0 ni ziara ya kuandikishwa, 1 ni ya marudio ya 2012 na 2013 ambayo ilichukua watu kama 20,000 tu, 2 ni ya picha za mwili zilizoanza 2014. Anayechanganya tansio (shinikizo la damu) ya ziara 0 na uzito wa ziara 2 amempima mtu mmoja katika umri mbili. Na kabla ya kuita mtu "mgonjwa mpya", hakikisha hakuwa tayari na ugonjwa siku ya kuandikishwa. Mwisho wa ufuatiliaji nao hauko sawa: rejista za lopitali za England, Scotland na Wales zinaishia tarehe tofauti, na kila mshiriki akatwe kwa tarehe ya rejista yake.

Kwa data yangu, watu wembamba wanakufa kuliko wanene kiasi. Nishauri wagonjwa waongeze kilo?

Usithubutu. Kansa, kifua kikuu na sigara hukondesha kwanza, kisha huua. Ondoa vifo vya miaka miwili ya mwanzo, kisha mitano, tenganisha wavutaji, halafu niandikie tena.

Nina wagonjwa 300 wa tansio hapa. Mbele ya nusu milioni si aibu? (Katuba)

Nusu milioni hiyo ilitoka wapi? Walialikwa watu kama milioni 9.2, wakakubali 5.5%. Waliokuja walikuwa na afya kuliko wenzao: wavutaji wachache, wanene wachache, mitaa yenye nafuu. Uchambuzi uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba katika umri wa miaka 70 hadi 74, vifo vya washiriki wanaume vilikuwa pungufu kwa 46.2% kuliko vya wanaume wote wa nchi, na vya wanawake kwa 55.5%.

Kwa hiyo kohorti hii haitaji ni Waingereza wangapi wana kisukari, achilia mbali watu wa Katuba. Inachofaa ni kulinganisha ndani yake: wenye tansio ya juu na ya chini, nani alipata kiharusi zaidi. Hata hapo uangalifu unahitajika, kwa sababu mambo mawili yanayomfanya mtu akubali mwaliko yanaweza kuonekana yana uhusiano kati yao wakati hayana. Ukubwa wa sampuli hupunguza bahati nasibu, lakini upendeleo unaotokana na nani aliingia kwenye kundi unabaki palepale.

Wagonjwa wako 300, kama ni wote waliofika kuanzia Januari hadi Juni bila kuchagua, wanaweza kujibu jambo ambalo nusu milioni ile haiwezi. Kama ni wale ambao fishi zao (kadi za matibabu) hazikupotea, basi una tatizo la Waingereza bila pesa zao. Na tafadhali, acheni kuchukua asilimia ya ugonjwa kutoka UK Biobank na kuitia kwenye fomula ya ukubwa wa sampuli ya Lubumbashi.

Alama za hatari za kijeni kutoka kule (namba inayojumlisha mabadiliko mengi ya DNA ili kukisia ugonjwa) zinafaa kwa wagonjwa wetu?

Bado. Zaidi ya 90% ya washiriki ni Wazungu. Weusi ni kama 8,000. Alama iliyotengenezwa kwa Wazungu hupoteza nguvu nyingi ikipelekwa kwa Waafrika, kwa kuwa alama za jirani kwenye DNA hazisafiri pamoja kwa namna ile ile. Anayekuuzia kipimo hicho hapa mjini anakuuzia utabiri wa mtu mwingine.

Hasara haiko upande wetu tu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya ARIC, kohorti yao ya magonjwa ya mishipa iliyofuatiliwa miaka 15. Kati ya washiriki weusi 3,363, 2.6% walikuwa na badiliko linalozima PCSK9, jeni inayopandisha kolesteroli mbaya, badiliko lililo nadra sana kwa Wazungu. Kolesteroli yao mbaya ilikuwa chini kwa 28%, na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo chini kwa 88%. Watu wasiofika mia! Kufikia 2015 dawa zinazozuia PCSK9 zilikuwa zimepata kibali, na leo wanazitumia wagonjwa wa rangi zote.

Onyo ambalo hukuliuliza: HbA1c, kipimo cha sukari iliyoshika chembe nyekundu. Mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe hizo), chembe zake nyekundu hazidumu, sukari haipati muda wa kuzishika, na kipimo kinasoma chini kuliko hali halisi. Mwenye AS (aliyerithi jeni moja tu ya selimundu) naye anaweza kusomeka chini. Kiwango cha kukata kilichotoka kwa Waingereza kikikuambia mgonjwa ni mzima huku anakojoa usiku kucha, pima sukari ya asubuhi kabla ya kula.

Framingham, ile kohorti ya zamani ya Marekani ya magonjwa ya moyo, bado ni nzuri?

Kwa historia, ndiyo: 1948, watu 5,209, mji mmoja wa Massachusetts. Kwa mgonjwa wako, chukua jedwali la hatari la Shirika la Afya Duniani la 2019, ukurasa wa Afrika ya Kati. Lipo hata lisilohitaji laboratwari: umri, jinsia, sigara, tansio na uzito kwa urefu.

Promota anasema nichukue data ya wazi ya NHANES, nioanishe vitamini moja na ugonjwa mmoja, wiki mbili makala imetoka.

NHANES ni upimaji wa Wamarekani unaorudiwa kwa watu wapya kila awamu, na data zake nyingi ni bure. Uchunguzi uliochapishwa 2025 uliwahesabu wapishi wa haraka kama promota wako: makala za namna hiyo zilikuwa kama 4 kwa mwaka hadi 2021, zikafika 190 mwaka 2024 kabla hata haujaisha. Ukijaribu vitamini ishirini, kwa wastani moja itatoka na p chini ya 0.05, yaani itaonekana ina uhusiano, kwa bahati tu. Andika swali lako na tarehe kabla ya kufungua faili, au tafuta promota mwingine.

Kobalti na migodi: UK Biobank inaweza kusema kitu? (Komini ya Kenya, Lubumbashi)

Hapana. Kobalti haimo kwenye vipimo vya damu walivyofanyiwa washiriki wote, na Kolwezi, mji wetu wa migodi, hauko Uingereza. Jibu lilianza kutafutwa hapa hapa: utafiti uliochapishwa 2020 ulilinganisha watoto 138 waliozaliwa Lubumbashi na kasoro zinazoonekana na wengine 108 wasio nazo. Baba kufanya kazi ya mgodi kuliambatana na uwezekano mara 5.5, lakini namba ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 1.2 na 25. Pengo hilo linaomba rejista nzuri za uzazi, na rejista hizo ziko mikononi mwenu.

Basi tuanzishe kohorti yetu ya watu 10,000?

Anza na 500, kituo kimoja. Ukipoteza 20% kila mwaka, baada ya miaka mitano umebaki na 164. Waingereza wanamfuata mtu kwa namba yake ya huduma ya afya; wewe utamfuata kwa miguu. Andika namba tatu za simu, moja yake ya ndugu asiyeishi naye, jina la avenyu, la chefu wa avenyu, na jina lake kwa tahajia zote anazotumia, maana Kabwe wa leo ni Kabue wa kesho. Piga simu kila miezi mitatu, hata kama huna la kuuliza.

Damu usikusanye mpaka uwe na friza ya -80, jenereta, na mtu anayelipwa kuitazama usiku. Sampuli igawe katika vichupa vidogo ili usiyeyushe yote kwa kipimo kimoja, na nusu ikae jengo lingine. Waingereza wenyewe wamezitenganisha sehemu mbili, na wao hawana delestaji.