Maswali na Majibu: Kaosi Inayosukumwa kutoka Nje

Maalim, tofauti ndogo ya mwanzo hukua upesi katika kaosi (mwendo unaofuata kanuni lakini hautabiriki mbali). Vipi basi mifumo miwili ilandane, yaani iende sawasawa? (Mwanafunzi, Wete)

Hukua pale kila mfumo unapoachwa peke yake. Mwaka 1990 Pecora na Carroll walionesha kwamba, katika mfumo wa Lorenz wa mwaka 1963 (milinganyo mitatu yenye vigeu x, y na z), x ya mfumo wa kwanza ikipelekwa kuusukuma wa pili, basi y na z za huo wa pili husahau zilikoanzia na kuzifuata za wa kwanza. Kigezo ni vipeo vya Lyapunov vya sehemu inayosukumwa, yaani namba zinazopima kasi ya tofauti ndogo kukua (zikiwa chanya) au kufifia (zikiwa hasi), navyo lazima vyote viwe hasi. Ukisukuma kwa z, usitarajie kulandana.

Je, kujaa na kupwa kwa maji hapa Unguja ni kaosi inayosukumwa na mwezi? (Msomaji, Nungwi)

Hapana, na swali hili limekwisha kujibiwa. Bamvua na maji mafu hutabirika mapema kwa sababu misukumo ya mwezi na jua ina vipindi maalumu, kikuu kikiwa saa 12 na dakika 25.

Nimeendesha kwenye kompyuta nakala mbili za mlinganyo wa lojistiki (kanuni fupi inayoweza kuzaa kaosi) zikipata kelele ile ile, yaani misukumo ile ile ya kubahatisha, zikashikana kabisa. Niandike ripoti? (Mwalimu wa skuli, Chake Chake)

Usiandike bado. Mwaka 1994 Maritan na Banavar walitangaza matokeo ya namna hiyo, na mwaka huo huo Pikovsky akaonesha kwamba kipeo cha Lyapunov kilikuwa chanya na kwamba kilichozishikanisha nakala ni kompyuta yenyewe: huhifadhi tarakimu chache, hivyo nakala zikisogeleana mno tofauti hukatwa ikawa sifuri, na baada ya hapo haziwezi tena kuachana. Ongeza tarakimu uone kama muda wa kushikana unarefuka, kisha mpe kila nakala kelele yake ndogo sana. Zikiachana mbali, hukuwa na kitu. Nachoshwa na michoro inayoletwa bila kipeo kilichokokotolewa, kwani mistari miwili kulaliana haithibitishi lolote.

Kaosi yaweza kuficha ujumbe? (Msomaji, Mkunazini)

Kwa asiyetafuta, ndiyo. Cuomo na Oppenheim walifanya hivyo kwa saketi mwaka 1993, na mwaka uliofuata Short akaonesha namna ya kuuchomoa ujumbe bila kuwa na saketi ya mpokeaji. Anayekuuzia usiri wa aina hii, mwambie akuoneshe kwanza jinsi alivyolikabili shambulio hilo.