Uduvi wangu niliwaua kwa jagi

Kila Jumamosi nilikuta tangi ninamofugia uduvi limepungua maji lita moja hivi. Nilichanganya maji na chumvi kwa kipimo kilekile cha siku ya kwanza, nikamimina kwa jagi mpaka kwenye alama, nikarudi kukaa nikijiona fundi. Nilipofika mwezi wa tatu wa kufanya hivyo, uduvi walianza kufa, wawili leo, wanne kesho.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi, ila sikuipiga. Tangi lilikuwa la lita 10, na ndani yake mlikuwa na gramu 160 za chumvi. Kinachopaa kuwa mvuke ni maji peke yake, chumvi inabaki. Kila lita niliyoongeza iliingia na gramu 16 nyingine juu ya zile ambazo hazikuwa zimekwenda kokote. Baada ya Jumamosi kumi nilikuwa na gramu 320, yaani maji yanayokaribia ya bahari kuu, na bado nilikuwa nawaambia wageni kwamba tangi langu ni la chumvi nusu.

Kwa hiyo kabla ya jambo lingine lolote: maji yaliyopaa yanafidiwa kwa maji yasiyo na chumvi. Maji uliyoyachota mwenyewe na kuyamwaga yameondoka na chumvi yake, hayo ndiyo yanafidiwa kwa maji ya chumvi. Siku hizi nimebandika ukanda mwembamba wa plasta kwenye kioo kuonyesha usawa wa maji, nami huongeza kidogo kila baada ya siku mbili tatu badala ya kumwaga lita nzima kwa mkupuo. Kifuniko cha kioo kinachoacha upenyo kidogo kimepunguza kazi hiyo sana.

Uduvi ninaowafuga ni wale wekundu wa Hawaii, Halocaridina rubra, ambao wenyeji wa huko huwaita ʻōpaeʻula. Mkubwa wao hafiki sentimita mbili. Kwao ni kwenye vidimbwi vya miamba ya volkano karibu na pwani, ambako maji baridi (yaani yasiyo na chumvi) ya ardhini hukutana na maji ya bahari yanayopenya chini kwa chini. Vidimbwi hivyo hubadilika chumvi, na uduvi hawa wamezoea. Ndiyo maana siwezi kusema kwamba chumvi peke yake iliwaua wangu. Walipopauka na kuacha kuzurura, nilidhani wana njaa. Nikawamwagia chakula. Hawakula, chakula kikaoza, amonia, ile sumu itokanayo na uozo, ikapanda. Kosa la jagi liliwachosha, kosa la kijiko likawamaliza.

Ukienda kununua, uliza jina la kisayansi, usikubali jibu la "hawa wanaweza maji yoyote". Uduvi wengi wanaouzwa kwa ajili ya matangi, hasa wale wa jamii ya Neocaridina wenye rangi nyingi za kuvutia, ni wa maji baridi. Wako pia Caridina multidentata, ambao wakubwa wao huishi maji baridi lakini watoto wao huhitaji maji ya chumvi ili wakue. Ukichanganya habari hizi mbili utamtumbukiza mama mahali pa mwanawe.

Tangi la lita nne linatosha kwa uduvi kumi hivi, lakini mimi nashauri lita 10 hadi 20. Maji mengi yanavumilia makosa. Kwenye chupa ndogo, punje tatu za chakula kilichooza ni balaa. Kwenye lita 20 bakteria watazimaliza kabla hujajua. Na vile vitufe vya kioo vilivyozibwa kabisa, vyenye uduvi wanne na kijiti, mimi sivipendi. Kwamba mnyama anachukua miaka kufa si ushahidi kwamba anaishi vizuri.

Chumvi iwe ile inayotengenezwa kwa matangi ya viumbe wa baharini. Chumvi ya mezani karibu yote ni sodiamu na kloridi. Haina kalsiamu na magnesiamu za kutosha, ambazo uduvi anazihitaji kujenga gamba. Anza na gramu 15 hadi 17 kwa lita, karibu nusu ya kiasi ambacho pakiti inaelekeza kwa maji ya bahari. Koroga kwenye ndoo, acha mpaka kesho yake, ndipo upime. Kwenye haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa maji ili kujua chumvi yake, maji yasiyo na chumvi husoma 1.000 na ya bahari karibu 1.025, wewe unatafuta 1.010 mpaka 1.012. Zile haidromita za plastiki zenye mshale zina ujanja wake: kiputo kimoja cha hewa kikinata kwenye mshale, kinaunyanyua na kukudanganya kwamba chumvi ni nyingi. Igonge kidogo kwa kidole kabla ya kusoma. Mwenye uwezo atumie rifraktomita, inayopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda kwenye tone la maji, na aihakiki mara kwa mara kwa maji yasiyo na madini.

Maji ya bomba yana klorini. Kuyaacha wazi siku nzima huondoa klorini ya kawaida, ila kuna mitambo ya maji inayotumia kloramini, na hiyo haiondoki kwa kungoja. Tumia dawa ya kuondoa klorini uwe na amani. Kwa kujazia yaliyopaa, bora zaidi ni maji yaliyoondolewa madini, maana madini nayo hayapai, yanarundikana kama chumvi.

Chini nimeweka mchanga wa matumbawe, tabaka la sentimita mbili, na juu yake mawe ya volkano yenye matundu. Mchanga huo huyeyuka polepole mno na kuzuia maji yasigeuke kuwa na asidi. Matundu ya mawe ni nyumba ya uduvi na ya bakteria pia. Pampu sina. Hita sina, nyuzi 20 hadi 26 za Selsiasi zinawatosha. Taa ndogo saa nane kwa siku, mbali na jua la dirishani, ambalo huchemsha tangi dogo na kuligeuza supu ya kijani.

Halafu unangoja, na hapa ndipo wengi tunaharibu. Tangi jipya halina bakteria wa kubadilisha amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Weka punje chache za chakula zioze humo, pima kila wiki, usilete uduvi mpaka amonia na nitriti zote zisome sifuri. Tangi langu la pili, nililoanzisha baada ya vifo vile, lilichukua wiki saba. Sikuishia hapo, niliongeza wiki nyingine nne, kwa sababu nilitaka mawe yashike ule utando wa utelezi wa mwani na bakteria. Huo utando ndio chakula chao. Uduvi hushinda kutwa wanaukwangua kwa vijikucha vyao.

Siku ya kuwaleta, usiwamwage. Waweke kwenye bakuli na maji yao, kisha vuta maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo ili yadondoke tone kwa tone kwa saa mbili au zaidi. Watapauka kwa safari na kujificha. Waache. Wangu walirudisha wekundu siku ya nne.

Miezi miwili ya kwanza sikuwalisha kabisa. Sasa nawapa unga wa spirulina, aina ya mwani uliokaushwa, unaoshika kwenye ncha ya kijiti cha kuchokolea meno, mara moja kila wiki mbili, na nikiona mwani bado upo naruka zamu. Nafuta kioo cha mbele tu. Maji nabadilisha sehemu moja ya kumi kila baada ya miezi miwili au mitatu. Ukikuta umbo la uduvi mweupe anayepitisha mwanga, usilie bado. Mara nyingi ni gamba alilojivua. Liache, wenzake watalitafuna na kurudishiwa kalsiamu.

Mikono ioshwe bila kubakisha mafuta wala sabuni. Dawa za samaki zenye shaba zisiingie humo kamwe, na dawa ya kupulizia wadudu isitumike chumba hicho, kwa kuwa kinachoua mdudu kinamuua uduvi pia. Samaki usimweke, hata yule anayeonekana mpole. Huko kwao, vidimbwi vilivyoingiliwa na samaki wageni, uduvi hujificha mchana na kutoka usiku. Konokono aina ya Melanoides tuberculata anafaa, anachimbua mchanga usigande, ila ukizidisha chakula utakuwa na konokono mia.

Walipofika mwezi wa tisa tangini niliona jike amebeba mayai chini ya tumbo, machache na makubwa, rangi ya divai. Hubeba kwa mwezi mmoja na zaidi. Nilitaka kumtenga kwenye chombo chake nikaghairi, na nashukuru. Watoto wake huanguliwa wakiwa na kiini chao cha kujilisha, hawahitaji chakula siku za mwanzo. Utawaona kwa tochi, vijinyuzi vyekundu vinavyoning'inia majini vichwa chini miguu juu. Ukiwa na pampu yenye kufyonza, izime au ifunge sifongo kabla hawajaanguliwa. Wangu niliwahesabu tisa, nikapoteza hesabu, nikaanza tena.