Maswali na majibu: Kumtafuta bibi aliyezaliwa kijijini zama za Mjerumani

Bibi mzaa mama alizaliwa katika kijiji cha Tanganyika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nasi tunamfahamu kama mama wa mjomba wetu mkubwa tu. Nianzie wapi?

Anzia kwao, si ukweni. Ukweni aliitwa kwa mtoto wake, lakini alikozaliwa waliendelea kumwita kwa jina lake, na wajukuu wa kaka zake ndio wenye nafasi kubwa ya kukumbuka jina la baba yake na mahali ukoo ulikotoka. Ulizia mahari: nani aliyaleta, nani aliyapokea, na yalikuwa mifugo, majembe au fedha, kwa kuwa jambo hilo liliwakutanisha wazee wa pande zote mbili, habari zake huweza kudumu hata pale ambapo mengine yamesahaulika. Angalia pia majina ya wajukuu, maana katika jamii nyingi mtoto hurithishwa jina la babu au bibi.

Hakuna ajuaye mwaka wake wa kuzaliwa, wala cheti hatujakiona.

Cheti usikitegemee, kwa sababu watoto wa Kiafrika vijijini kwa kawaida hawakuandikishwa. Tumia matukio: Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata huko kusini, vita vya 1914 hadi 1918 vilivyochukua wanaume wengi kuwa wapagazi, na homa ya mafua ya 1918. Usimwulize mzee mwaka. Mwulize kama wakati huo bibi alikuwa akibebwa mgongoni, alikuwa amekwisha kuvunja ungo, au alikuwa na mtoto. Iwapo mahari yake yalihesabiwa kwa rupia, yaelekea aliolewa kabla shilingi haijachukua nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Alibatizwa Mkatoliki. Kitabu cha ubatizo kitanifaa?

Kitakufaa sana, na kwa maoni yangu ndiyo hati muhimu kuliko zote kwa mwanamke wa zama hizo, kwa kuwa humtaja yeye mwenyewe. Kwa kawaida kiliandikwa kwa Kilatini, kikiwa na tarehe, majina ya wazazi na msimamizi wa ubatizo, na Sheria ya Kanisa iliyotangazwa 1917 iliagiza kwamba ndoa nayo iandikwe humo, hivyo maneno machache pembeni mwa ukurasa yanaweza kukupeleka kwenye parokia alikofungia ndoa. Soma majina kwa sauti, kwani wamisionari waliyaandika kama walivyoyasikia. Wajerumani waliandika Kilimandscharo kwa Kilimanjaro. Umri wa aliyebatizwa akiwa mtu mzima uuchukue kama makadirio ya padri.

Je, Nyaraka za Taifa zilizoko Dar es Salaam?

Jina lake huenda usilikute, kwa sababu orodha za kodi ya nyumba, yaani ile iliyotozwa na serikali ya kikoloni, zilimwandika mwenye nyumba, ambaye kwa kawaida alikuwa mume. Hata hivyo, mafaili ya wilaya yanaweza kueleza kwa nini kijiji chake hakipo tena: magharibi mwa Tanganyika watu walihamishwa kwa sababu ya malale, na katika miaka ya 1970 wengine wengi wakahamishiwa vijiji vya ujamaa.

Shangazi zangu wawili wanasimulia tofauti kuhusu asili yake.

Andika masimulizi yote mawili, kila moja na jina la msimuliaji na tarehe, bila kuyaunganisha. Penye tofauti huenda pana ndoa ya kwanza isiyotajwa, au mtoto aliyetekwa ama kuwekwa rehani wakati wa njaa. Hilo ukilihisi, mwulize kila shangazi akiwa peke yake, na akikataa kujibu usimlazimishe.