Kadi ya ulemavu kwa mgonjwa wa akili: jibu kwa mama wa Njoro

Mama, nimesoma ulichoandika: kijana wako ana skizofrenia, anatibiwa, na uliposema unataka asajiliwe kama mtu mwenye ulemavu ukaambiwa, "Huyo ana miguu na mikono, ulemavu uko wapi?" Pole sana. Mimi niko Nakuru mjini na ninamlea mdogo wangu mwenye ugonjwa huohuo tangu mzee wetu afariki. Kadi tulipata. Pesa ni hadithi nyingine, nitaifikia.

Tuanze na hao wa miguu na mikono. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 260, inapoeleza ulemavu ni nini inataja wa mwili, wa hisi, wa akili na wa kisaikolojia, na inataja hata ugonjwa, mradi unamzuia mtu kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu kufanya shughuli zake za kila siku. Ukikutana na karani au mzee wa nyumba kumi anayebisha, mtajie kifungu, kisha songa mbele. Usikae kubishana, foleni haikungoji.

Hizo shughuli za kila siku ndizo utakazoulizwa. Wengi huenda hospitali na jina la ugonjwa mkononi wakidhani wamemaliza, kisha wanashangaa wenzao wenye ugonjwa uleule wamepita na wao hawakupita. Mtu anaweza kuwa na skizofrenia na akawa mwalimu, anameza dawa zake na kusahihisha madaftari. Mwingine hawezi kukaa kazini wiki moja. Jopo, yaani madaktari wanaofanya tathmini ya ulemavu, linataka kujua wako ni yupi.

Tathmini hufanyika katika hospitali za serikali zilizoidhinishwa. Wa hapa huenda hospitali kuu ya kaunti, ambayo wenyeji bado tunaiita PGH. Wa Kisumu wataulizia hospitali ya Jaramogi, ambayo wenyeji huiita Russia. Uliza kwanza kabla ya kupanda matatu, kwa sababu kwingi wana siku maalum ya tathmini, na ukienda siku nyingine utarudishwa. Beba nakala ya kitambulisho chake na chako, picha zake ndogo za pasipoti, na daftari la kliniki.

Daftari hilo, mama, lilinde kama hati ya shamba. Letu lilikuwa limechakaa, pembe zimejikunja, ukurasa mmoja umemwagikiwa chai, lakini lilikuwa na kila tarehe ya sindano, kila mara alipolazwa, na miandiko ya madaktari wa kila aina. Daktari wa akili alilipitia ukurasa kwa ukurasa kabla hajatuuliza lolote. Kama lako limepotea, nenda hospitali alikolazwa uombe muhtasari wa kuruhusiwa kwake kutoka wodini. Maneno matupu bila historia ya matibabu hayafiki mbali.

Sasa sikiliza kilichotokea ndani. Mdogo wangu siku ile alikuwa amenyoa, shati limepigwa pasi, anang'aa. Akaulizwa, "Uko aje?" "Niko sawa kabisa." "Unajipikia?" "Ndiyo." "Unaweza kusafiri peke yako?" "Ndiyo, hata Nairobi naenda." Na kweli alishawahi kushika njia ya Nairobi, kwa miguu, usiku, tukampata Gilgil miguu imevimba. Daktari akanigeukia: "Na wewe mlezi, unasemaje?"

Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi tangu nyumbani, nikaisoma. Kwamba mara ya mwisho alipopika aliacha gesi inavuma akatoka nje. Kwamba kuoga ni hadi aambiwe, na dawa ni hadi nimtazame akimeza, kisha nimwambie azungumze ili nijue hajaificha chini ya ulimi. Kwamba kazi ya mjengo alianza vizuri, fundi akampenda, hadi sauti ziliporudi akaweka karai chini akaondoka bila kudai hata pesa ya siku hiyo. Daktari aliandika muda mrefu.

Kwa hiyo usimwache kijana aingie peke yake, hata akisisitiza. Wagonjwa wengi wa skizofrenia hawaoni kabisa kwamba wanaumwa, na hiyo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, si uongo wala kiburi. Ila mwambie mapema utakayosema. Mimi nilimwambia wangu usiku uliotangulia. Alinuna, lakini kule hakushtuka. Kama ni mambo ya kumwaibisha, omba kuzungumza na daktari pembeni. Na taja madhara ya dawa pia. Kama anadungwa Modecate, ile sindano ya ugonjwa wa akili, na mikono inatetemeka au mwili unakakamaa, sema, maana anayetetemeka hivyo hata kushika jembe ni shida.

Usipunguze, usiongeze. Kuna watu huko nje ya geti watakaokuambia "toa kitu kidogo nikufundishe cha kusema". Wapite kama hujawaona.

Baada ya jopo kuweka sahihi, ripoti inahitaji idhini ya mkurugenzi wa afya wa kaunti, ndipo ifike kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili wa Baraza siku hizi uko eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kama simu inakusumbua, nenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, usaidiwe. Yetu ililala kwenye meza ya ofisi moja mpaka nilipokwenda kuiulizia, kwa hiyo piga picha kila karatasi kabla hujaiachilia. Angalia pia kama wameandika ulemavu ni wa kudumu au wa muda. Ukiwa wa muda, jua kuna siku mtarudi kutathminiwa upya.

Haya, pesa. Kadi si pesa, na hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo. Zile shilingi 2,000 kwa mwezi ni za Inua Jamii, msaada wa pesa wa serikali, na mpango wake wa walemavu unalenga wenye ulemavu mkubwa, wale wanaohitaji mtu wa kuwaangalia mchana na usiku. Huwezi kuomba siku yoyote unayotaka. Usajili hufunguliwa serikali inapotangaza, na hapo ni chifu, naibu wake na afisa wa maendeleo ya jamii. Nenda kwa chifu sasa hivi ujitambulishe, ajue nyumba yenu ina nani, ili tangazo likija usisikie kwa jirani wiki mbili baadaye. Ripoti ikisema wazi kwamba hawezi kuachwa peke yake, una la kuonyesha. Wangu bado hajaingia, kwa sababu anatembea na anasalimia watu vizuri. Mimi naona huo ni upofu wa mpango wenyewe: anayetembea hadi Gilgil usiku anahitaji mlinzi kuliko aliyelala kitandani.

Kwa wasomaji wengine mlioajiriwa, kadi inakuwezesha kuomba KRA, mamlaka ya kodi, msamaha wa kodi kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Hauji wenyewe, unaombwa na unathibitishwa kwa cheti.

Uliuliza pia, mama, kama akisajiliwa atanyimwa kura, kwa kuwa shemeji yako alisema hivyo. Hapana. Anayezuiwa kujiandikisha kupiga kura kwa sababu hiyo ni aliyetangazwa kuwa hana akili timamu, na jopo la hospitali halitangazi jambo kama hilo, linapima ulemavu tu. Wangu ana kadi na alipiga kura 2022. Huyo shemeji akianza kuzungumzia shamba la marehemu mumeo pia, muulize anataka nini hasa.

La mwisho ni laini ya simu. Fomu zote zitaomba namba, na ujumbe wote utaingia huko. Weka yako wewe mlezi, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, wala usiweke ya kijana. Wangu akianza kusikia sauti kitu cha kwanza kuuzwa ni simu, na laini huenda nayo.