Kila kipeo kina kiti chake

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, ninaishi Uyole, Mbeya. Tulipewa zoezi la kugawanya x³ − 7x + 6 kwa x − 2. Nimerudia mara tatu, na kila mara ninapata x² − 5 na baki −4, ilhali kitabu kinasema hakuna baki. Mwenzangu anatumia njia ya mkato inayompa jibu sahihi, ila hawezi kunieleza kwa nini inafanya kazi. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuniandikia jibu lako pamoja na baki, kwa sababu hilo −4 ndilo lililonionyesha ulipojikwaa. Ulianza sawasawa: x³ ukigawanya kwa x unapata x², nayo ukiizidisha kwa x − 2 unapata x³ − 2x². Hiyo −2x² ilipaswa kukaa chini ya x² mwenzake, lakini kwa kuwa polinomia yako, yaani ile jumla ya vipeo vya x (x³, x², x) na namba uliyopewa kugawanya, haikuwa na x², uliiweka chini ya −7x, ukatoa −2 katika −7, ukapata −5x. Tangu hapo hesabu yote ilipinda, ingawa kila hatua iliyofuata uliifanya kwa usahihi.

Kumbuka mlivyofundishwa shule ya msingi kuhusu mamoja, makumi, mamia na maelfu. Katika 1,006 hakuna mamia wala makumi, lakini nafasi zao tunazishikia kwa sifuri, kwani tukiziacha tutabaki na 16. Polinomia ina utaratibu huohuo: ukiweka 10 mahali pa x, 3x² + 2x + 5 inakuwa 325. Tofauti kubwa ni kwamba katika namba mamoja kumi hugeuka kumi moja, wakati katika polinomia x haijulikani thamani yake, kwa hiyo x hata zikiwa mia haziwezi kuhamia kwenye kiti cha x².

Basi andika x³ + 0x² − 7x + 6, kisha uanze upya. Ukitoa −2x² katika 0x² unapata 2x², shusha −7x. Gawanya 2x² kwa x upate 2x, zidisha upate 2x² − 4x, toa, ubaki na −3x, shusha 6. Hatua ya mwisho ni −3, ambayo inarudisha −3x + 6 kamili na kumaliza kila kitu. Jibu ni x² + 2x − 3, nalo linagawanyika tena kuwa (x − 1)(x + 3).

Wala hukuhitaji kitabu kukuambia kwamba baki lako si sahihi. Polinomia nzima ni (x − 2) mara jibu, kisha kujumlisha baki. Ukiweka 2 mahali pa x, mabano yanakuwa sifuri na kinachosalia ni baki peke yake: 8 − 14 + 6 = 0. Ninakusihi ufanye jaribio hili kila unapogawanya kwa mabano ya namna hiyo, kwa sababu halichukui hata dakika moja.

Njia ya mwenzako ni kazi hiihii iliyovuliwa herufi, zikabaki 1, 0, −7 na 6, na akiisahau ile sifuri naye atapotea kama wewe. Utaratibu huu una umri mkubwa: katika karne ya 12, al-Samawal, mwanahisabati mzaliwa wa Baghdad, aligawanya polinomia kwa kuzipanga namba zake katika jedwali, kila kipeo kwenye safu yake, na mahali palipokosa kipeo aliandika sifuri.

Swali: Habari za kazi, Mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha pili hapa Kihesa, Iringa. Kila mara anaandika kwamba (x + 3)² ni x² + 9, na kila mara anakosa. Mimi niliishia darasa la saba. Nimsaidieje?

Jibu: Nzuri, mama. Darasa la saba linatosha kabisa kwa jambo hili. Mpeleke kwenye bustani ya mchicha yenye umbo la mraba, kila upande hatua x, umwambie aipanue kwa hatua 3 upande wa kulia na hatua 3 upande wa juu. Ataona bustani ya zamani, x². Mikanda miwili, kila mmoja 3x. Na kipande cha pembeni cha hatua 3 kwa 3, yaani 9. Jumla ni x² + 6x + 9. Yeye amekuwa akihesabu bustani ya zamani na kile cha pembeni, akiiacha mikanda yote miwili. Kama x ni 10, 13 mara 13 ni 169, wakati jibu lake linatoa 109. Hizo 60 zilizopotea ndizo mikanda.

Akishaelewa, mpe (x − 3)², ambapo mikanda inakatwa badala ya kuongezwa, umwache akueleze mwenyewe kwa nini kile kipande cha 9 kinakatwa mara mbili na hivyo lazima kirudishwe mara moja.