Sumukuvu inazuiwa shambani kabla ya mbelewele, sio stoo

Ndugu zangu wakulima wa mahindi na karanga, hasa nyie wa Kongwa, Kiteto, Chemba na kote kwenye jua kali kama kwetu, leo naomba tuongee kuhusu sumukuvu, maana kila msimu naulizwa swali lilelile na anayeuliza mahindi yake yashaingia kwenye magunia, na hapo kiukweli tumechelewa sana.

Sumu hii, kitaalamu aflatoksini, inatoka kwa kuvu anayeishi kwenye udongo. Mahindi yakipigwa na ukame wakati yanajaza punje, au mdudu akitoboa gunzi, yeye anaingia na kuanza kutengeneza sumu mmea ukiwa bado umesimama, kwa hiyo unaweza kuvuna mahindi meupe yanang'aa na yana sumu tayari. Hauoni, hausikii harufu, na ukipika ugali sumu haiondoki. Mwaka 2016 huku kwetu Dodoma na Manyara watu 20 walifariki, na Kenya mwaka 2004, Makueni na Kitui huko, walikufa 125. Hao ndo waliokula nyingi kwa mkupuo, wengine tunakula kidogo kidogo kila siku na ini linaumia polepole mpaka inakuwa kansa.

Sasa mi natumia Aflasafe. Ni punje za mtama zilizokaangwa ili zisiote, zikapakwa mbegu za kuvu wa jamii ileile ila wale wasio na uwezo wa kutengeneza sumu, wametolewa kwenye udongo wa hapahapa nchini, sio GMO (viumbe waliobadilishwa vinasaba) kama watu wanavyosema. Ukimwaga shambani wanazaliana haraka wanakamata nafasi yote, yule mwenye sumu anakosa pa kukaa, na wanaenda na mahindi mpaka stoo wakiendelea kulinda. Ikitumika vizuri sumu inapungua kwa asilimia 80 na kuendelea. Shangazi yangu aliponiona namwaga alishangaa, "Mwanangu, yaani hela yote hiyo unanunulia ukungu?" Nikamwambia shangazi, ukungu upo shambani tangu zamani, mi nachagua tu yupi abaki. Msimu uliofuata akaniagiza na yeye.

Kinachowashinda wengi ni muda. Kwenye mahindi unamwaga wiki mbili mpaka tatu kabla hayajatoa mbelewele (lile ua la juu), kilo 4 kwa ekari, mara moja tu kwa msimu basi. Kwa hiyo palizi ya mwisho imalize kwanza, maana ukimwaga halafu ukapitisha jembe umezifukia na zikifukiwa kuvu haruki kwenda kwenye mmea. Na udongo uwe na unyevu, hili nalisisitiza kuliko yote, mvua ikikata vumilia usimwage kwenye vumbi ukisema itanyesha kesho, subiri inyeshe kwanza ndo uingie, ila usimwage pia kama maji yanatiririka shambani maana yatazibeba. Vaa glavu, tembea na mstari, rusha kwa mkono kama unalisha kuku. Na kuku wenyewe wafungie, watazidonoa zote. Ukiona punje zimeota ungaunga wa kijani baada ya siku chache furahi, dawa inafanya kazi.

Ongea na majirani pia. Kuvu anasafiri na upepo, mkimwaga mashamba yanayopakana kinga inakuwa kubwa zaidi kuliko mmoja kupambana peke yake katikati ya pori.

Halafu naombeni msinielewe vibaya, hii haikupi ruhusa ya kuanika chini. Kuna sumu nyingine ya fumonisini inayotoka kwa kuvu tofauti kabisa, hiyo Aflasafe haiigusi. Vuna kwa wakati, anika kwenye turubai, kausha mpaka punje inakatika kwa meno ikilia, chambua zilizooza na usimpe ng'ombe wala kuku, maana sumu ya ng'ombe inakurudia kwenye maziwa. Karanga zilizosinyaa ndo mbaya zaidi na ndo hizohizo watu wanasaga za mboga, jamani tuache, tunawalisha watoto wetu.

Soko nalo linabana. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aina zote za aflatoksini kwa pamoja, na mwezi wa tatu 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu hii hii.

Mvua za kwanza zikinyesha ukiwa unapanda, siku hiyohiyo muulize bwana shamba au duka la pembejeo kama wanayo, maana mara nyingi inabidi waagize. Ikikukuta mbelewele zimeshatoka usinunue tena kwa msimu huo, hiyo hela nunua turubai na mifuko isiyopitisha hewa.